Kufunga na Kuziba

Mzee Farah hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa kwa upole. Kwake, upole wa msemaji ulikuwa kama mafuta kwenye bawaba: mlango usiolia ndio umwingizao mwizi. Kwa hivyo daktari yule mwanamke alipomsogezea kiti kwa mikono miwili na kumwita "Mzee wangu", moyo wake ulirudi nyuma kidogo, ukasimama huko ukitazama.

Walikuwa katika chumba cha picha cha hospitali kubwa mjini Kisii. Mjukuu wake Anisa, binti wa miaka saba, alilala kitandani tumbo wazi, limepakwa mafuta baridi yenye kung'aa. Kando yake alisimama mama yake, Mariam, ameinamisha kichwa kama ilivyokuwa desturi yake mbele ya baba mkwe. Upande wa pili alikuwa mama yake Mariam, Bitutu, mkulima wa majani chai kutoka Nyamira, ameshika viatu vya mtoto kifuani. Baba ya mtoto hakuwapo. Abdimajid, mwana wa pekee wa Mzee Farah, alikuwa Juba na lori, na simu yake ilipatikana leo ikapotea kesho. Siku ya kuondoka alimwambia baba yake neno moja tu: "Anisa ni amana yako." Basi mwenye kusema ndiyo au la alikuwa mzee huyu, mwalimu wa madrasa na muuza vitambaa, na wanawake wote wawili walilijua hilo.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama shibe. Tumbo la mtoto lilituna, wakadhani ni minyoo. Likatuna tena, wakadhani ni maziwa. Hatimaye likawa na uvimbe laini uliohama chini ya kidole, na usiku Anisa alikunja magoti akalia bila sauti.

Daktari Lorna alikipitisha kile chombo juu ya tumbo, na kwenye kioo vikatokea vivuli vyeusi, kimoja kikubwa kama embe, vingine vidogo vikikizunguka.

"Mwilini, Mzee, kuna mishipa ya damu na kuna mishipa mingine inabeba maji meupe," alisema. "Kwa huyu mtoto, hiyo ya maji ilikosea njia tangu tumboni mwa mama. Maji yanaingia, hayatoki. Imekuwa mifuko, imejishika na utando wa matumbo. Saa zingine damu inavuja ndani, ndiyo anaumwa. Hii mishipa iko mbaya."

Mzee Farah aliisahihisha sentensi ile moyoni, kama alivyozisahihisha zote alizozisikia tangu ahamie mji huu. Alisoma chuoni Lamu katika ujana wake, na lugha aliipenda kama wengine wapendavyo mali. Lakini macho yake hayakuwa kwa daktari. Yalikuwa kwenye mashine. Aliitambua. Ndiyo ile ile aliyopimwa nayo Mariam alipokuwa na mimba ya huyu huyu Anisa, akarudi nyumbani na karatasi nyeusi yenye kivuli cha mtoto. Mashine ya wajawazito, na mbele yake kitoto cha miaka saba.

"Wiki hii tuko na wageni, madaktari wa watoto kutoka Nairobi," daktari aliendelea. "Wanaondoka Alhamisi. Jumatano tutamchoma sindano hapa, tutoe maji, tuweke dawa ya kukausha. Hakuna kisu. Tutamfunga mishipa, basi."

Mzee Farah akainua kichwa. "Mtamfunga mishipa?"

"Ndiyo, Mzee. Ikifungwa vizuri haifunguki tena, tukijaliwa."

"Na malipo?"

"Hakuna. Kwa watoto ni bure."

Hapo Bitutu aliuliza jambo kwa Ekegusii, kwa sauti ya chini. Daktari akajibu kwa lugha hiyo hiyo. Mzee Farah alikijua Ekegusii cha sokoni, cha salamu na cha bei, na katika maneno yale alilinasa moja tu: omwana, mtoto. Kisha Bitutu akacheka kicheko kifupi, akaziba mdomo kwa kiatu cha mtoto. Daktari naye akatabasamu. Walipogeuka na kumwona anawatazama, wote wawili wakanyamaza.

Nje, katika ukumbi wa kungojea, waliketi watoto wengine na mama zao. Mzee Farah aliwapitia mmoja mmoja kwa macho. Wote walikuwa wasichana.

*

Duka lake lilikuwa karibu na soko, na barazani pake alifanyia kazi fundi cherehani aitwaye Obwocha, mtu wa Marani, mwingi wa maneno na mwepesi wa mguu juu ya pedali.

"Maalim, uso wako leo ni kama kitambaa kimekatwa bila kupimwa," alisema Obwocha.

Mzee Farah alikaa. Alikunja leso moja, akaikunjua. "Obwocha, hapa kwenu mtu akisema amefungwa mishipa, huwa amefungwa nini?"

"Inategemea mtu. Akiwa mwanamke, amefunga duka. Mama Eric alifungwa mishipa baada ya yule wa sita. Sasa tunalala kama washiriki wa kanisa moja."

"Na hufunguliwa?"

"Wapi. Ikifungwa, imefungwa." Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni. "Mbona unauliza? Unataka kufungwa wewe, na hizo ndevu nyeupe?"

"Na dawa ya kukausha?"

Mguu ulisimama juu ya pedali. "Kukausha nini?"

"Tumbo."

"Nani anakaushwa tumbo, Maalim?"

Mzee Farah aliikunja leso tena. Akauliza tu, kana kwamba anauliza bei ya uzi, ikiwa mtu akipewa kitu bure hospitalini afurahi au aogope.

"Mimi ni Msabato na wewe ni Mwislamu," alisema Obwocha, "lakini kwa mambo ya bure tuko dini moja. Hata panya ule mtego hakuulipia."

Aliingia ndani akakaa katikati ya majora yake. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kutunga ubeti, na mshororo wake mmoja ulimrudia kila alipofadhaika: shaka huingia moyo, kama moshi kwenye nyumba. Moshi hauombi ruhusa. Hupita chini ya mlango, na mwenye nyumba akishtuka, kila alichonacho kinanuka.

Akaanza kuyapanga. Bomba la maji likivuja, huzibwa. Tundu huzibwa, ufa huzibwa. Kinachofungwa ni kile ambacho bado kingeweza kufunguliwa: mlango, duka, kizazi. Daktari msomi, kama alikusudia kuziba, angesema kuziba. Alisema kufunga. Aliongeza kwamba haifunguki. Akaleta mashine ya wajawazito, akaleta wageni wasiojulikana wanaoondoka Alhamisi, akaleta dawa ya kukausha, akakusanya wasichana, na kwa yote hayo hakutaka hata senti. Uvumi wa sindano za kuwakatia wasichana uzazi alikwisha kuusikia, naye aliupuuza kama apuuzavyo kelele za stendi. Sasa ulimjia ukiwa umevaa koti jeupe.

Na kile kicheko cha Bitutu je? Bibi mzaa mama, achekaye mjukuu wake akifungwa? Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alijua kwamba nduguze Bitutu hawakupenda binti yao aolewe na Waislamu. Je, kama walikuwa wamepata njia ya kukata ukoo ule bila kumwaga damu?

Aliona aibu ya fikra hiyo, akamwomba Mola amsamehe, lakini hakuitoa.

Njia ya kutoka ilikuwa fupi: kuuliza. Lakini amuulize nani, na kwa kinywa gani? Mwalimu wa watoto, mtu wa swala tano, amuulize mke wa mwanawe habari za kizazi? Na Mariam naye alikuwa amefungika kwa kamba ya kwao. Alizaliwa Nyanchama, akasilimu akawa Mariam, lakini chinsoni hazikubadilika pamoja na jina. Hizo ni haya za Abagusii: mkaza mwana hataji mbele ya baba mkwe chochote kihusucho kitanda, uzazi, wala mwili chini ya kitovu, na wakwe, wazazi wa mume na wazazi wa mke, huheshimiana kwa miiko hiyo hiyo. Mzee Farah aliisifu sana desturi hiyo alipoijua. Aliwahi kusema msikitini kwamba watu hawa wana haya ambayo watu wa pwani wameisahau.

Jioni ile alijaribu, kwa kuzunguka.

"Mariam, umeelewa wanalotaka kumfanyia mtoto?"

"Nimeelewa, Baba." Alikuwa amesimama mlangoni, uso umeelekea ukutani.

"Na umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Umefikiri habari za kesho yake? Za utu uzima wake?"

Mariam alisita. Alidhani baba mkwe anauliza sindano itaingia mahali gani, na iwapo itaacha alama pasipofaa kutajwa, naye hakuwa na namna ya kumwonyesha ila kwa kujishika mwili wake mwenyewe. "Hayo, Baba," alisema polepole, "siwezi kuyasema mbele yako."

Mzee Farah akafumba macho. Alikuwa ameomba ushahidi, naye ameletewa.

*

Jumanne asubuhi Anisa alilazwa wodini kungoja sindano ya kesho yake. Mchana, Mariam alipotoka kwenda kutafuta uji, mzee aliingia, akamvika mtoto sweta, akamfunika leso, akamwinua begani. Mlangoni alikutana na muuguzi kijana aliyeitwa Cynthia.

"Mzee, unampeleka wapi?"

"Juani kidogo," alisema. Ulikuwa uongo, naye aliutubia kabla hajafika langoni.

"Babu, tunaenda wapi?" aliuliza Anisa.

"Nyumbani."

"Mama anajua?"

"Mungu anajua."

"Sikuuliza Mungu. Nimeuliza Mama."

Mzee akakaza mwendo. Alimpeleka katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka, akamlaza kwenye godoro, akafunga mlango wa uani. Mariam alipofika akihema, mzee alimwambia kutoka ndani kwamba mtoto ni amana, na amana haikabidhiwi kwa wageni waondokao Alhamisi. Akampa ruhusa ya kuingia kumlea, si ya kumtoa. Mariam hakubishana. Aliketi karibu na godoro akampapasa mtoto mgongo, machozi yakimtiririka bila sauti, na mzee, alipoyaona, alijiuliza ikiwa ni machozi ya mama mwenye uchungu au ya mtu ambaye mpango wake umevunjika.

Usiku Mariam alimpigia simu Abdimajid mara kadhaa. Haikuita.

Asubuhi ya Jumatano Anisa alikataa chai. Alikuwa hajala tangu jana mchana. Baadaye akashika tumbo kwa mikono miwili na kulegea, na Mzee Farah alipoweka kiganja pale alishtuka: uvimbe uliokuwa laini jana sasa ulikuwa mgumu, umevimba upande mmoja, na ngozi ya mtoto ilikuwa na jasho la baridi. Alimsomea. Alimpulizia. Alimnywesha tone la maji. Hata katika hofu ile, shaka haikumwacha. Ilimnong'oneza: yale mafuta waliyompaka, ulijuaje ni mafuta tu?

Mariam alisimama. "Baba, mtoto anakwenda."

"Tulia."

"Baba, nakuomba."

"Nimesema tulia." Lakini sauti yake ilikuwa imepasuka, na wote wawili walisikia.

Ndipo mlango wa mbele wa duka ukalia. Mtu aliingia, akapita katikati ya majora, akasimama upande wa pili wa leso zilizotundikwa kwenye kamba, zilizotenganisha duka na chumba cha nyuma. Chini ya pindo za leso Mzee Farah aliona viatu vya mpira vyenye udongo mwekundu wa Nyamira.

"Baba Abdimajid," ilisema sauti ya Bitutu. "Niko hapa nyuma ya vitambaa. Usitoke."

"Sitoki. Na mtoto hatoki."

"Nyanchama, wewe chukua mtoto mwende pale uani kwa hewa. Nataka kuongea na mzee."

Mariam alimtazama baba mkwe. Mzee akakubali kwa kichwa, akafungua mlango wa uani. Mariam alipokwisha kutoka na mtoto mikononi, mzee alisikia pumzi ya Bitutu nyuma ya leso.

"Obwocha ameniambia ulimuuliza nini."

"Mwambie fundi ashone, asitangaze."

"Mdomo yake ndiyo kitu pekee hajawahi kushona." Kisha akasema, "Nisikilize. Mimi si mtu wa kuongea na wewe haya maneno."

"Basi usiyaseme, mkwe wangu. Tubaki na heshima yetu."

"Mtoto akikufa, hiyo heshima tutamvisha kama sanda?"

Mzee Farah aligeuza macho kuelekea uani.

"Mimi nilifungwa," alisema Bitutu.

"Mkwe."

"Nilizaa tisa. Wa tisa alitaka kuniua, nikafungwa. Alijua bwana yangu, na amekufa. Nyanchama hajui. Watoto wangu wote hawajui. Sasa unajua wewe, mtu ambaye sifai hata kukutajia mgongo wangu unauma."

"Nyamaza, kwa heshima ya Mungu."

"Sinyamazi, nimeshaharibu. Kunifunga, walinipasua hapa chini, wakakata, wakafunga na uzi kama mtu anafunga mdomo wa gunia la majani chai. Alama iko. Mtoto wako hapasuliwi. Anachomwa sindano kwa ile mifuko ya maji, katikati ya matumbo, maji itolewe, dawa ishikanishe ngozi ya ndani. Ile siku kwa daktari uliniona nacheka?"

"Nilikuona."

"Nilimuuliza kama hiyo kufunga yake ni kama ile yangu. Kwa sababu hata mimi niliogopa. Akasema, la, Mama, kizazi ya mtoto haiguswi, hii ni mishipa ya maji. Nikacheka juu ya aibu, kwa vile nimejitaja mbele ya msichana mdogo. Ndiyo hiyo kicheko umeniwekea siku mbili."

Mzee Farah alishika ukingo wa meza. "Mbona hamkuniambia?"

"Nani akuambie? Nyanchama? Mimi? Na wewe ungeuliza nani?"

"Angesema kuziba," alisema mzee, kama mtu anayezungumza usingizini.

"Nini?"

"Daktari. Angesema ataziba, nisingefika hapa."

"Kuziba, kufunga, sisi huku tunasema yoyote iko karibu. Kijana yako alipokuja kuoa kwetu, hatukumuuliza sarufi."

"Wote walikuwa wasichana," alisema tena mzee, lakini sasa kwa unyonge. "Waliokuwa wakingoja."

"Wavulana walikuwa kwa chumba kingine, wamelazwa. Ulienda kuangalia?"

"Sikwenda."

Alisimama palepale akiyapima. Bado paliwezekana kuwa anadanganywa. Shaka ikishakaa mahali haiondoki kwa kufukuzwa mara moja. Lakini alijiuliza: mwanamke wa Kigusii, mzee kama huyu, mjane, mwenye cheo kanisani kwake, angeununua uongo kwa bei hii? Angeivua haya yake yote mbele ya mkwe wake, haya ambayo mwenyewe, Farah, aliisifu hadharani, kwa ajili ya hila? Yeye aliyesikia uongo mwingi sokoni alijua bei yake. Haikuwahi kufika hapa.

Kutoka uani Anisa alitoa mlio mdogo mkavu, kama wa ndege.

"Mariam," aliita. "Mtie sweta."

*

Daktari Lorna hakumwita tena Mzee wangu. Alimpapasa mtoto, akatazama kioo, na uso wake ukakaza.

"Damu imevuja ndani ya ule mfuko mkubwa. Ungekawia hadi jioni, labda utumbo ungejipinda. Amekula?"

"Hajala tangu jana," alisema Mariam.

"Hiyo pekee ndiyo bahati."

"Daktari," alisema Mzee Farah. "Kabla hujamgusa. Mtafunga, au mtaziba?"

Daktari alimtazama kana kwamba mzee amechanganyikiwa. "Tofauti ni nini?"

"Kwako hakuna. Kwangu ipo. Niambie pole pole, kwa maneno yako, sindano inaingia wapi na inagusa nini."

Alimwambia. Alichora kwa kalamu nyuma ya boksi la glavu: matumbo, utando unaoyashikilia, mifuko, na mbali chini yake, peke yake, kile ambacho mzee hakutaka kukitaja. Hakuna mstari wowote uliofika pale. Mzee Farah alilitazama boksi lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Naomba nisimame mahali ninapoona."

"Nje, kwenye dirisha la kioo. Na usibishe mlango."

Alisimama nje, dirishani. Kabla ya zamu ya Anisa, alitolewa mtoto kwenye kitanda cha magurudumu, mvulana wa makamo yake, ambaye mama yake aliwaambia watu kwamba mishipa ya damu imeota ovyo ndani ya ini lake na amechomwa kwa mara ya pili. Mvulana. Mzee alimfuata kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi.

Kisha akamwona mjukuu wake akilazwa usingizi. Mgeni wa Nairobi alishika sindano, Daktari Lorna akashika kile chombo cha picha, na wote wawili walitazama kioo cha mashine, si tumbo. Mzee hakupenda hilo. Alipenda mtu atazame anachokichoma. Sindano ilizama. Waliambiwa maji ni meupe; kilichoanza kushuka katika mpira kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi iliyochacha, na mkono wa mzee ukaenda wenyewe kwenye kitasa. Akakumbuka alivyoambiwa habari ya damu kuvuja, akaurudisha. Akasoma kila alichokihifadhi. Kwenye kioo kivuli kilichokuwa kama embe kilinywea, kikawa kama kunde, na ndani yake daktari akaingiza dawa taratibu, akangoja, akaingiza tena.

Walipomaliza, Daktari Lorna alitoka akivua barakoa.

"Ule mkubwa na mwenzake mmoja tumeishughulikia. Kuna mingine midogo kwenye utando, hiyo hatukuigusa leo. Atakuwa na homa kidogo, uvimbe utaonekana kama umerudi, usiogope. Mwezi ujao tumwone tena. Labda sindano nyingine, labda dawa ya kumeza."

"Ulisema haifunguki tena."

"Nilisema tukijaliwa. Mingine inarudi, Mzee. Siwezi kukuapia."

Mzee Farah alikuwa amejiandaa kwa kiapo. Alikuwa tayari kukishuku, kukigeuza, kukitafutia mshono. Hakupewa. Alijikuta hana pa kushika, na kwa sababu hiyo akauliza lile ambalo kwa siku zote hizi lilikuwa limemkaa kooni, akaliuliza kwa sauti, mbele ya mke wa mwanawe.

"Atazaa?"

Mariam alijifunika uso wote kwa mtandio.

"Kwa upande wa leo, hakuna kilichomzuia," alisema daktari. "Kizazi chake sikukifikia hata kwa picha. Mengine amuulize Mungu na mumewe, akimpata."

Mzee Farah aliinamisha kichwa. Akamwambia Mariam, bila kumtazama, "Nisamehe, mwanangu. Kwa jana, na kwa hili la sasa." Mariam alijibu kitu ndani ya mtandio ambacho hakikusikika, na mzee hakuomba akirudie.

*

Bitutu hakuingia ndani. Tangu watoke dukani alitembea nyuma yao kwa mbali, na walipofika aliketi kwenye ukuta mfupi wa saruji karibu na mahali pa kufulia, ambapo ndugu za wagonjwa huanika nguo. Mzee Farah alimtafuta kwa muda kabla ya kumwona. Alipomkaribia, mama yule alivuta kitambaa cha kichwani mpaka kwenye nyusi na kugeuza uso.

Mzee akasimama. Kisha naye akageuka, akampa mgongo, akawa anatazama nguo za watu kwenye kamba.

"Mkwe," alisema. "Mtoto ameamka."

"Ameongea?"

"Ameuliza viatu vyake viko wapi."

"Niko navyo."

Walikaa hivyo, yeye akitazama ukuta, mzee akitazama kamba. Muuguzi Cynthia alipita na ndoo, akawaangalia, akaenda zake.

"Leo narudi Nyamira," alisema Bitutu. "Sitaingia tena nyumbani kwako. Unajua."

"Najua. Nililoambiwa sikulisikia."

"Ulisikia."

"Basi nimelisahau."

"Maalim mzima, na msahafu wote kwa kichwa, unasahau maneno ya mwanamke mmoja?" Kulikuwa na kitu kama kicheko ndani ya sauti yake, kifupi, na safari hii mzee alikijua ni kicheko cha nini.

"Nitajitahidi," alisema.

Bitutu aliviweka viatu vya mtoto juu ya ukuta, kati yao, akavisukuma nyuma kidogo ili mzee avifikie bila kugeuka.

"Atarudi kwa daktari mwezi ujao," alisema Mzee Farah. "Huenda wakamchoma tena. Mimi bado siwaamini vizuri. Yale maji yalitoka na rangi ya chai."

"Hiyo ilikuwa damu yake."

"Ndivyo walivyosema." Akapeleka mkono nyuma, akavichukua viatu. "Ningependa awepo mtu wa kuwauliza kwa lugha yenu, kisha aniambie. Neno kwa neno."

"Nikuambie mimi? Baada ya leo?"

"Nitasimama kama hivi."

Bitutu alifikiri. Upepo uliinua shuka moja kwenye kamba na kulishusha.

"Utanipa mgongo, mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Basi nitakuja," alisema Bitutu.